Kucheza, Kuchezea na Kulea: Historia ya Hukumu za Wahakiki juu ya Michezo ya Mwigo wa Maisha

Kazi ya kuunda istilahi hufanyika mezani, lakini haja yake aghalabu huzaliwa kwingine. Suala tunalolieleza katika makala haya lilizaliwa Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, tulipokwenda huko kuzungumza na walimu juu ya mambo ya tafsiri. Baada ya mazungumzo, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituonyesha tangazo alilokuwa amewaandikia wazazi. Tangazo lilisema kwamba kuanzia muhula ule ni marufuku kwa mwanafunzi yeyote kujihusisha na michezo ya kuigiza maisha, kwa kuwa inawapotezea watoto muda wa masomo.

Mwalimu alikusudia michezo ya kwenye simu, ile ambayo mtoto humlisha, humwogesha na kumlaza kiumbe anayeonekana kiooni. Alikuwa amesoma maelezo ya Kiingereza juu ya michezo hiyo, akalifasiri jina lake neno kwa neno, na tafsiri yake ukiitazama juu juu haina kasoro. Lakini wazazi walisoma Kiswahili kilichoandikwa, si Kiingereza kilichokusudiwa. Juma lililofuata baadhi ya watoto wa kikundi cha maigizo hawakuonekana mazoezini. Mzazi mmoja alifika shuleni kuuliza kwa nini mchezo wa kuigiza umeharamishwa, hali yeye mwenyewe aliucheza alipokuwa mwanafunzi, na humo ndimo alimojifunzia kusimama na kusema mbele za watu.

Hatuwezi kumlaumu mwalimu. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya istilahi ndio tuliomwacha bila neno. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 limekuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili mtumishi wa serikali, mwalimu na mfasiri wasilazimike kubahatisha. Hata hivyo mambo huja kwa kasi kuliko vijitabu. Kwa hiyo tuliporudi tulianza kwa kufuatilia historia ya michezo hii na hukumu zilizotolewa juu yake huko ilikotoka. Tuliyoyakuta yalitustaajabisha kidogo. Wahakiki wa nchi za nje nao walikuwa wamebishana kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi wao ilitokana na upungufu wa maneno. Walijiuliza: je, huu ni mchezo wa kuchezwa, ni kitu cha kuchezewa, au ni kiumbe wa kulelewa? Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha yetu ina vitenzi vitatu vilivyo tayari kwa maswali hayo matatu.

1. Uhai na maisha

Jina la Kiingereza la michezo hii limejengwa juu ya neno moja ambalo kwetu ni maneno mawili. Neno hilo humaanisha uhai, yaani ile hali inayomtofautisha kiumbe na jiwe. Tena humaanisha maisha, yaani siku za mtu hapa duniani, kazi zake, nyumba yake na jamaa zake. Mwingereza anaweza kulitumia bila kuchagua. Mswahili hana budi kuchagua, na uchaguzi huo humsaidia kuona kwamba chini ya jina moja kumekusanywa vitu viwili tofauti.

Mwaka 1970 John Conway, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alibuni mchezo usio na mchezaji. Una miraba tu, na kila mraba ama u hai ama umekufa. Mraba ulio hai wenye majirani hai wawili au watatu huendelea kuishi. Ukiwa na pungufu au zaidi hufa. Na mraba uliokufa ukizungukwa na majirani hai watatu kamili hufufuka. Mchezo huo ulijulikana ulimwenguni pote baada ya Martin Gardner kuueleza katika jarida la Scientific American la Oktoba 1970. Huo ni mwigo wa uhai. Hauna nyumba, hauna chakula, hauna mtoto wa kumbembeleza.

Mwaka 1985 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta ulioonyesha mtu anayeishi ndani ya nyumba, akila, akisoma na kupiga kinanda, huku mchezaji akimtazama na kumpelekea mahitaji yake. Mwaka 1989 Will Wright alitoa SimCity, ambamo mtu hujenga mji na kuutawala; na mwaka 2000 akatoa The Sims, ambamo watu wa mwigo huoa, huajiriwa, hugombana na majirani na kulipa madeni yao. Hii ni miigo ya maisha. Wright mwenyewe alipenda kusema kwamba SimCity inafanana zaidi na kitu cha kuchezea kuliko na mchezo, kwa kuwa haina mwisho uliopangwa wala mshindi. Kauli hiyo ya mbunifu ikawa mtego kwa wahakiki waliomfuata, kwani waliozoea kupima mchezo kwa kushinda na kushindwa hawakujua tena washike kipimo gani.

2. Yai la Japani

Ubishi ulikuwa mkali zaidi mwigo ulipotoka katika kompyuta za mezani na kuingia kiganjani. Tarehe 23 Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza kifaa kidogo chenye umbo la yai, kioo kidogo na vibonyezo vitatu. Waliokibuni ni Aki Maita wa Bandai na Akihiro Yokoi wa kampuni ya WiZ. Jina lake, Tamagotchi, limeundwa kwa kuunganisha neno la Kijapani la yai, tamago, na neno la saa ya mkononi lililoazimwa kutoka Kiingereza. Ndani ya kioo kiumbe huanguliwa, hulia njaa, huchafua mahali pake, huugua, hukua na mwishowe hufa. Mwezi Mei 1997 kifaa hicho kilifika Marekani na Uingereza. Kufikia mwaka 2010 vilikuwa vimeuzwa vifaa zaidi ya milioni 76 ulimwenguni.

Wa kwanza kukihukumu hawakuwa wahakiki wa michezo. Walikuwa walimu, wazazi na waandishi wa magazeti. Katika matoleo ya kwanza kiumbe aliyeachwa bila kuangaliwa aliweza kufa kabla ya nusu siku kupita. Basi watoto wakawa wanakuja navyo darasani, navyo vikilia katikati ya somo. Shule nyingi zilivipiga marufuku. Mwaka huohuo wa 1997 Tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa Marekani kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, ilipewa Maita na Yokoi kwa upande wa uchumi, kwa kuwa wameyahamisha mamilioni ya saa za kazi za wanadamu yakatumika katika ufugaji wa wanyama wasiokuwapo. Lilikuwa dhihaka, lakini lilikuwa pia hukumu: kwamba kinachofanyika ni ufugaji, na kwamba ufugaji huo ni hasara.

Hapo ndipo neno lilipoanza kutenda kazi yake. Magazeti ya Kiingereza yalikiita kiumbe huyu kwa jina la mnyama wa kufugwa nyumbani, kama mbwa au paka. Wajapani huiita michezo ya namna hii kwa neno ikusei, ambalo maana yake ni kukuza na kulea. Tofauti hiyo si ndogo. Anayefuga huulizwa faida. Anayelea huulizwa wajibu. Watu wa Kigoma watalifahamu jambo hili upesi, kwa sababu hata majirani zetu wa Burundi hulitenga: kwao kurera ni kulea mtoto, na kworora ni kufuga mifugo, na hakuna anayechanganya mawili hayo.

Kifo cha kiumbe huyo nacho kiligawa maoni. Katika toleo la Kijapani kiumbe akifa huonekana mzimu pamoja na kaburi. Katika toleo la Kiingereza kaburi liliondolewa, kikawekwa kiumbe mwenye mabawa mfano wa malaika. Wako waliosema kwamba kumfundisha mtoto mauti kwa njia hii ni ukatili. Wako waliosema kwamba ni afadhali ajifunze hapo kabla hajafiwa kweli. Ubishi haukuishia magazetini, kwani huko Cornwall, Uingereza, mwenye makaburi ya wanyama alitenga sehemu kwa ajili ya kuzikia vifaa hivi.

Mtu aliyelitazama suala hili kwa makini zaidi ni Sherry Turkle, mwanazuoni wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Alizungumza na watoto wenye vifaa hivi, akaona kwamba wao hawakuwa wakiuliza kama wakubwa waulizavyo, yaani kama kiumbe yu hai au si hai. Waliuliza kama uhai wake unatosha kwa jambo linalotakiwa kutoka kwake. Tukumbuke uchunguzi huo, kwa maana tutauhitaji tutakapofika kwenye ngeli.

3. Mbwa wasiokufa

Hukumu ya wahakiki wa michezo wenyewe ilikuja kwa ukamilifu mwaka 2005. Mwaka uliotangulia kampuni ya Nintendo ilikuwa imetoa kifaa cha mkononi kiitwacho Nintendo DS, chenye vioo viwili, kimoja kikiitikia mguso, pamoja na kinasa sauti. Tarehe 21 Aprili 2005 ikatoa Nintendogs kwa Wajapani, na baadaye mwaka huohuo kwa Wamarekani na watu wa Ulaya. Mtayarishaji wake alikuwa Shigeru Miyamoto, ambaye wazo lilimjia baada ya nyumba yake kupata mbwa. Mchezaji humpapasa mbwa kwa kugusa kioo, humwita kwa sauti yake mwenyewe, humpeleka matembezi na mashindanoni.

Gazeti la Famitsu la Japani lina utaratibu wa kuwapa wahakiki wanne mchezo mmoja, kila mmoja akitoa alama yake kati ya 10. Nintendogs ilipata 40 kwa 40, alama ambayo hadi wakati huo ilikuwa imetolewa mara chache sana. Wahakiki wengi wa Marekani na Uingereza nao waliusifu: walisifu mwendo wa mbwa, walisifu mguso, walisifu jinsi watu wasiowahi kucheza michezo ya kompyuta walivyovutwa. Lakini sifa zao zilifuatana na manung'uniko. Walisema kwamba baada ya siku kadhaa hakuna jipya la kufanya. Kwamba mbwa hawakui wala hawafi. Kwamba hakuna mahali pa kufika. Baadhi yao walisema waziwazi kwamba hawajui kama kitu hiki kinastahili kuitwa mchezo. Wanunuzi hawakusubiri jibu, kwani nakala karibu milioni 24 ziliuzwa.

Tukizilinganisha hukumu hizi tunaona kwamba ni za watu wasiotumia kitenzi kimoja, ingawa lugha yao iliwafanya waonekane kama wanaotumia kimoja. Aliyelalamika kwamba hakuna ushindi alikuwa akitafuta kitu cha kucheza. Aliyesifu mguso na mwendo alikuwa amepata kitu cha kuchezea. Na yule aliyeamka usiku kumtazama kiumbe wake hakuwa akifanya lolote kati ya hayo mawili, alikuwa akilea. Kila mmoja alisema kweli kwa kitenzi chake.

4. Kwetu: bao, mwanasesere na mchezo

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali. Tangu mwaka 2013, ulipotoka mchezo wa My Talking Tom wa kampuni ya Outfit7 yenye asili ya Slovenia, paka wa kulishwa na kulazwa amekuwa akiingia katika simu za watu wa nchi nyingi, na za kwetu zimo. Kifaa chenyewe nacho si kigeni tena. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 makarani walitumia vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vishikwambi vikagawiwa walimu. Neno kishikwambi, ambalo wengi walilicheka lilipotangazwa, sasa husemwa na mwalimu bila kujikaza.

Katubuka tulifikia nyumba ya mama mmoja anayeuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi. Jioni binti yake, mwanafunzi wa darasa la nne, alituamkia, kisha akaketi pembeni na simu ya mamaye. Tukamwuliza, "Unacheza nini, mwanangu?" Akajibu bila kuinua macho, "Sichezi. Namlisha, ameshinda na njaa." Mama yake akacheka, akasema, "Mchezo huo jana umenikosesha mchezo." Simu ilikuwa imeishiwa na moto kwa sababu ya paka, na kina mama wenzake walipompigia kumwarifu kwamba zamu yake ya kupokea imefika hawakumpata.

Katika maneno hayo machache mna somo zima la istilahi. Mama alitumia neno mchezo mara mbili kwa maana mbili, na la pili, yaani upatu, si jambo la mzaha hata kidogo, kwani ndilo linalolipa ada na kununua mabati. Tena twasema mchezo wa mpira, mchezo wa ngoma, mchezo wa kuigiza. Kwa hiyo hoja ya wahakiki wa ng'ambo, kwamba jambo la dhati haliwezi kuitwa mchezo, haina nguvu katika Kiswahili. Mchezo kwetu ni jambo lenye utaratibu, zamu na watu wanaokubaliana; furaha yaweza kuwamo na dhati pia yaweza kuwamo.

Binti naye alikataa kitenzi. Hakukataa kwa ubishi, alisahihisha tu. Watoto wa kwetu wamekuwa wakisahihisha hivyo tangu zamani, kwani mwigo wa maisha si jambo lililoanzia Japani. Mtoto anayepika mchanga katika kifuu na kumfunga mgongoni mwanasesere wa matambara anaiga maisha ya mama yake kwa ukamilifu wote. Nalo bao, ambalo Warundi na Wanyarwanda wana ndugu yake waitaye igisoro, na Waganda omweso, lina mashimo 32 na kete 64, na si mwigo wa maisha. Lakini msamiati wake umeazimwa humo: mna nyumba, mna kula, na mchezaji ambaye kete yake ya mwisho imeangukia shimo tupu husemwa kuwa amelala. Lugha yetu basi haikuwa na uhaba wa maneno. Ila maneno hayo hatukuyaita yalipohitajika.

5. Ushahidi wa ngeli

Liko jambo ambalo wahakiki wa Kiingereza waliweza kulikwepa, na Mswahili hawezi. Binti alisema "namlisha", hakusema "nailisha". Alisema "ameshinda na njaa". Kila anayezungumza Kiswahili juu ya kiumbe wa kiooni hulazimika kuamua, katika sentensi yake ya kwanza, kama ni wa ngeli ya viumbe au ya vitu. "Tamagotchi imezima" ni habari ya betri. "Tamagotchi amekufa" ni habari ya msiba. Swali ambalo Turkle alilisikia kwa watoto, Kiswahili hulijibu kwa kiambishi.

Mfano wa kutuongoza upo. Kifaa cha kuongozea kompyuta kilipopewa jina la panya, wazungumzaji walikubali zaidi kipanya, nao husema "kipanya kimeharibika". Kiambishi ki- kilimwondoa panya katika ngeli ya viumbe kikampeleka katika ngeli ya vitu, na hakuna aliyedhani kwamba mezani kuna mnyama. Kinyume chake ni mwanasesere. Huyo hana pumzi, ni tambara. Lakini mwana- iliyomo katika jina lake imembakiza kwa viumbe, nasi husema "mwanasesere wangu ameanguka". Wahenga waliotuachia neno hilo walitambua kwamba yako mambo yasiyo na uhai ambayo matumizi yake ni ya ulezi, na kwamba sarufi yapaswa kufuata matumizi.

Tunaona basi kwamba kifaa na kiumbe aliye ndani yake havistahili jina moja wala ngeli moja. Kifaa kikae na vipanya. Kiumbe akae na wanasesere.

6. Mapendekezo

Kwa kufuata hoja hizi, tunapendekeza istilahi zifuatazo, zijadiliwe kabla ya kusanifiwa:

(a) Kifaa cha mkononi: chombo chochote cha kielektroniki chenye kioo, kinachotumiwa kwa kushikwa mkononi, ikiwa ni pamoja na simu na kishikwambi.

(b) Mwigo: mfano wa jambo la kweli unaofanya kazi kama jambo lenyewe. Mzizi wa istilahi ya Kiingereza ni neno la Kilatini similis, yaani "-a kufanana", nalo kuiga linaubeba vyema. Kuigiza tukuache kwa jukwaa. Tofauti ya kuiga na kuigiza ni silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani watoto wa kikundi cha maigizo.

(c) Mwigo wa uhai: mfano wa kuzaliwa, kukua na kufa kwa viumbe, kama ule wa Conway.

(d) Mchezo wa mwigo wa maisha: mchezo unaoiga shughuli za watu katika nyumba, mtaa au mji.

(e) Mchezo wa ulezi: mchezo ambao kazi yake kuu ni kumtunza kiumbe. Istilahi hii inakaribia ikusei ya Wajapani kuliko jina la Kiingereza, na haimpi mtoto hatia ya uvivu wala sifa asizostahili.

(f) Mwanakioo, wingi wanakioo, ngeli ya A-WA: kiumbe wa kiooni anayetunzwa katika mchezo wa ulezi. Neno hili tumeliunda kwa mfano wa mwanasesere. Kioo ndilo jina ambalo watu wenyewe hulitumia kwa uso wa simu, nasi hatukuona sababu ya kuwatafutia jingine.

(g) Hukumu za wahakiki: maoni ya jumla ya wahakiki juu ya kazi iliyotolewa. Wafasiri wengine huandika "mapokezi ya kihakiki". Hatulipendi neno hilo, kwa kuwa mapokezi ni pale mlangoni pa hospitali anapoandikishwa mgonjwa, au ni zile shangwe za kumlaki mgeni wa serikali. Na ndugu yake mapokeo ameshapewa kazi ya mila.

Hatudai kwamba istilahi hizi zitaondoa ubishi. Zinachoweza kufanya ni kuuweka ubishi mahali pake. Mwalimu anayetaka kuzuia simu darasani ana haki ya kuzizuia, na mama aliyekosa zamu yake ya upatu ana haki ya kunung'unika. Lakini anayekataza sharti akitaje anachokikataza, ama sivyo atakataza asichokikusudia. Watoto wa Katubuka walikosa mazoezi kwa sababu ya kitenzi kilichoongezwa silabi. Katika tangazo la shule hasara ya namna hiyo hurekebishika kwa siku chache; katika sheria, au katika mwongozo wa wizara unaokwenda kila wilaya, hairekebishiki kwa urahisi.

Mahali lilipozaliwa suala hili pia pana funzo. Tangu zama za misafara, Ujiji na mitaa yake ya jirani imekuwa ikipokea maneno kutoka pwani na kuyavusha ziwa kuelekea Kongo, na huko nako kutoa mengine. Watu wa Kigoma ni wazoefu wa kulipima neno kabla ya kulipa nauli. Neno likikubaliwa na muuza dagaa, karani na mtoto wa darasa la nne katika mtaa mmoja, lina matumaini ya kufika mbali. Kwa hiyo tunawaomba walimu na watumishi wa mkoa huo, na wa mikoa mingine, wayajaribu maneno haya midomoni mwa watu, kisha watuandikie yanavyopokewa. Hasa mwanakioo, ambaye bado ni mchanga na anahitaji kulelewa.

Kabla hatujaondoka Katubuka tulikaa na yule mwalimu, tukaliandika upya tangazo lake. Lilisomeka hivi: "Wazazi mnaarifiwa kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kuja shuleni na simu wala kifaa kingine cha mkononi chenye michezo. Kikundi cha maigizo kinaendelea na mazoezi yake kama kawaida, na watoto wote wanakaribishwa." Aliisoma sentensi ya pili mara mbili, akaiwekea mstari chini kwa wino mwekundu, kisha akalipeleka kubandikwa.